Jiko la Pipa na Mashini ya Marehemu

Mume wangu alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, na mashini yake ndiyo iliyobaki baada ya ugonjwa na mazishi kumaliza vingine vyote. Niliifunika kwa hema chakavu nikaiweka chumbani, kati ya kitanda na ukuta, kwa sababu katika nyumba yetu ya mbao pale Keshero ni chumba hicho tu chenye kufuli. Asubuhi nikishuka kitandani mguu wangu uligusa chuma kwanza, ndipo ukagusa sakafu. Miezi ya mwanzo sikuwa na mpango wowote nayo. Nilijua tu kwamba haitoki.

Nilikuwa nikiishi kwa maharage. Hapa Goma maharage makavu yanakula makala, yaani makaa ya kupikia, kuliko chakula kingine chochote, kwa hiyo akina mama wengi hawayachemshi nyumbani. Wananunua yaliyokwisha kuiva, wanaongeza kitunguu na mafuta, kazi imekwisha. Mimi ndiye niliyewachemshia wa mtaa wetu. Sufuria yangu ilikuwa ile kubwa ya kupikia arusini, na niliikalisha juu ya mbabula, lile jiko dogo la makala, kuanzia kunapokucha mpaka jua linaposimama. Makala yanashuka kutoka Masisi na Rutshuru. Njia ikifungwa yanapotea sokoni. Njia ikifunguliwa yanarudi, gunia limekonda na bei imenenepa. Ikafika wakati nawachemshia watu maharage, wao wanabeba chakula, mimi nabaki na majivu.

Kuni hazikukosekana. Kwa maseremala wa jirani kulikuwa na vipande vya mikaratusi na maganda ya mbao vilivyorundikwa, na wao walifurahi mtu akija kuviondoa. Lakini kuni juu ya mafiga, ndani ya chumba cha kupikia cha mbao, kati ya nyumba zilizobanana, ni hatari. Nilijaribu mara moja. Moshi uliingia kwa majirani, cheche ikaruka mpaka kwenye kanga iliyoanikwa, na mama wa nyumba ya pili akaja kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba nikirudia ataniitia mkubwa wa mtaa. Alikuwa na haki.

Nilichohitaji ni jiko la kufungwa, lenye mlango, lenye bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Nilishaliona. Zamani mume wangu aliwahi kutengeneza la namna hiyo kwa pipa la chuma, kwa ajili ya kanisa moja, nami nilimshikia pipa wakati akilichomelea, nikiwa nimegeuza uso pembeni ili mwanga usinichome macho. Niliuliza mafundi wa barabarani kama wanaweza kunitengenezea. Waliweza, ila bei waliyotaja ilikuwa ya mtu asiyehitaji kuuza maharage. Nikarudi nyumbani, nikafunua hema, nikaitazama mashini. Halafu nikaenda kutafuta pipa.

Muuza mapipa alinionyesha la kwanza, zuri, jekundu, halina kutu. Niliinamisha pua kwenye tundu lake nikasikia harufu ya petroli.

"Hili hapana, muzee," nilimwambia. "Pipa ya petroli inaweza kuua mutu."

Mume wangu alinifundisha hilo kabla ya jambo lingine lolote: mvuke wa petroli unakaa ndani hata pipa likiwa tupu, na moto ukilikaribia linapasuka. Nikachagua lililokuwa na mafuta ya kupikia, limebonyea ubavuni. Nyumbani nililiosha kwa maji ya moto, sabuni na majivu, nikalisuuza, nikaliosha tena. Kisha nikaliweka uwanjani, juu ya mawe meusi ya volkano, nikaanza kulikata kwa tindo na nyundo.

Shemeji yangu alinikuta hapo, nimepiga magoti, nimejifunga kitenge kichwani, nagonga. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa mkulima upande wa Sake, alikuwa na shamba na ng'ombe wachache, na vyote aliviacha alipoikimbia vita pamoja na mkewe na watoto. Sasa walikuwa wamebanana katika chumba cha ndugu mmoja huko Mugunga. Tulisalimiana, nikampa kiti, nikampa maji. Aliyanywa polepole.

"Shemeji," akasema, "nimekuja juu ya ile mashini."

"Nakusikia."

"Ilikuwa kitu ya kaka yangu. Mimi niko na batoto, tunalala kwa batu. Nikiiuza nitapata hata kiwanja kidogo, ninaanza upya. Na wewe, mwanamuke, utafanya nayo nini?"

Sikukasirika. Kwa desturi ya kwao aliona ana dai, na shida yake haikuwa ya kubuni. Lakini nami nilikuwa na watoto, na mashini ile ndiyo iliyotulisha miaka yote ya ndoa yangu.

"Ninatengeneza jiko," nikamjibu. "Nipe muda nilimalize. Halafu tutazungumza."

Alitazama pipa, akatazama mikono yangu. Kidole gumba kilikuwa kimeshavimba.

"Wewe unajua kusoudé?"

"Nitajua."

Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake. Alisema hatanizuia, ila ataendelea kutafuta mnunuzi. Siku atakayempata ndiyo siku mashini itakapotoka. Alipoondoka nilirudi kwenye nyundo yangu. Nilikata tundu la mlango upande wa chini, na juu, kwenye kifuniko, nikakata duara la kukalishia sufuria. Kwa nyuma nikatoboa pa kuingizia bomba. Duara nililikata kubwa mno. Sufuria ikapita, ikazama mpaka masikio. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikainuka nikatafuta nondo, nikaipinda kwa kuizungusha kwenye shina la mti, nikapata pete ya kuishikia sufuria. Ilibaki kuichomelea.

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Nilivaa maski ya mume wangu. Mkanda wake ulikuwa wa kichwa kikubwa kuliko changu, nikaukaza kwa fundo. Ndani bado ilikuwa na harufu ya jasho lake, na kwa muda nilisimama tu ndani ya giza lile, maski usoni, bila kuwasha kitu. Halafu nikagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma. Tunaviita bageti, hivyo vijiti. Mwanga ukapasuka, nikaona bati la pipa likigeuka jekundu, kisha jeupe, kisha likadondoka. Nilipoinua maski palikuwa na tundu la kupitisha dole.

Nikajaribu pembeni. Tundu. Nikajaribu kwenda haraka zaidi. Tundu refu. Kila asubuhi, kabla watu hawajaanza kupiga pasi na umeme kulegea, nilitoka na kiraka cha bati nikajaribu tena, na kila asubuhi nilipata matundu mapya. Mikono ikajaa alama ndogo za cheche. Majirani waliopita walitazama pipa wakatazama pembeni, kama mtu anavyofanya akikuta mwenzake analia njiani. Mama yule wa nyumba ya pili alisimama karibu na ua.

"Mama, si uite fundi?"

"Fundi niko hapa," nilimwambia. "Anajifunza."

Mashini ile ina mkono mdogo wa kuzungusha mbele, wa kuongeza na kupunguza nguvu ya moto. Niliufahamu mkono ule. Nilimwona mume wangu akiuzungusha mara nyingi. Lakini tangu mashini iingie chumbani sikuwa nimeugusa. Kazi yake ya mwisho kabla hajalala kitandani ilikuwa geti la chuma kizito, na mkono ulibaki pale pale alipouacha. Nilikuwa nikifuta vumbi kwa kuuzunguka. Nilijiambia kwamba yeye alijua alichofanya, na kwamba kosa ni langu, ni mkono wangu mzito. Sikutaka kufikiria zaidi ya hapo.

Mnunuzi alikuja nikiwa katikati ya kujaribu. Shemeji alimtangulia uwanjani, bila kunitazama machoni. Mnunuzi alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye karakana yake upande wa mjini, mpole wa maneno. Alinisalimia vizuri, akanipa pole ya msiba, akaomba kuijaribu mashini.

"Ijaribu hapo," nikamwambia, nikimwonyesha pete na kifuniko cha pipa. "Ndiyo kazi iliyopo."

Aliyatazama matundu yangu, hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mashini, akaushika ule mkono mdogo, akauzungusha kurudi nyuma. Akaendelea kuuzungusha. Nikashika ukingo wa pipa. Ilikuwa imekwisha kabla sijasema lolote, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angeweza kuurudisha mahali pake, kwa sababu sikuwa nimepawekea alama.

"Mama, ilikuwa ya chuma kinene," akasema. "Pipa ni karatasi. Unashusha moto. Na hupigi mustari murefu. Unaweka nukta, unaacha inapoa, unaweka ingine mbali, unarudi."

Aliweka nukta mbili tatu. Chuma kilishika. Pete ikang'ang'ania kifuniko kama imeota pale. Akanipa kishikio cha bageti, nadhani kwa adabu tu, ili nisimame kando nikiwa na heshima yangu. Mimi nikakipokea, nikashusha maski, nikaweka nukta yangu. Ilikuwa mbaya, imevimba kama kipele, lakini haikutoboka. Nikaweka nyingine.

Wanaume walizungumza pembeni. Walikubaliana atarudi Jumamosi. Kabla hajatoka nilimwuliza mnunuzi yale matundu ya zamani yanazibwa vipi, naye akanieleza: unaweka kiraka kwa juu, unashika pembe nne kwanza, ndipo unajaza. Shemeji alimtazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyemwona mgeni wake akimsaidia adui.

Mpaka Jumamosi sikuchemsha maharage hata mara moja. Wateja walikuja na vyombo vyao, nikawarudisha. Nilijua mashini ikitoka na jiko halijakwisha, sitakuwa na kimoja wala kingine. Nilimalizia kuchomelea pete. Niliziba matundu kwa viraka, mpaka ubavu wa pipa ukafanana na suruali ya mtu wa shamba. Nilichomelea bawaba za mlango, moja ikakaa upande, mlango ukawa haufungiki bila kuinuliwa. Nikaiacha hivyo, mlango unaoinuliwa pia ni mlango. Ndani nikapanga vipande vya nondo vya kubebea kuni, na kuzunguka kuta nikajenga kwa mawe madogo ya volkano na udongo uliochanganywa na majivu, ili moto usile bati. Makopo ya maziwa ya unga niliyaunganisha yakawa bomba.

Ijumaa niliwasha moto wa kwanza uwanjani, kuchoma rangi yote na harufu yake. Kisha tukaliburuza pipa mpaka jikoni, mimi na mke wa shemeji, ambaye alikuwa amekuja kuniona. Ni mwanamke wa maneno machache, mrefu, na tangu wakimbie alikuwa akipikia nje, chini ya plastiki, kwa kuni mbichi, macho yake mekundu kila nilipomwona. Tulisimamisha bomba, nikapakia kuni, nikawasha.

Moshi ulijaa jikoni kote. Ulitoka mlangoni, ulitoka kwenye pete, ulitoka kila mahali isipokuwa juu. Tulikimbia nje tukikohoa. Nilisimama pale machozi yakinitoka, na sijui mpaka leo ni yapi yalikuwa ya moshi.

Shemeji alifika wakati huo, kumfuata mkewe. Alitukuta tumekaa juu ya mawe, nyuso zetu nyeusi. Aliingia jikoni amejiziba pua, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama paa.

"Bomba yako ni fupi," akasema. "Inaishia chini ya mgongo wa paa. Upepo wa ziwa unapanda huku, unagonga paa, unashuka ndani ya bomba. Hata nyumba yangu ya kwanza ilinifanyia hivyo."

"Sina makopo mengine."

Akalitazama tena bomba. Kisha akavua viatu, akavua koti, akampa mkewe. Alienda kwa maseremala akarudi na kipande cha bati ambacho hajawahi kuniambia alikipataje, akakiviringisha kwa kukipigia kwenye gogo, akapanda juu ya paa. Nilimpasia waya, nilimpasia nyundo. Aliinua bomba mpaka likapita mgongo wa paa, akalifunga, na juu yake akaweka kofia ya bati kuzuia mvua. Alikuwa akifanya kazi kwa mdomo uliofungwa, akiwa amekunja uso, kama kwamba bomba ndilo lililomfukuza Sake. Aliposhuka niliwasha tena.

Mara ya kwanza kuni zilisita. Halafu nikasikia sauti, mvumo wa chini chini ndani ya pipa, hewa ikiingia mlangoni na kuvutwa juu. Jikoni hapakuwa na moshi. Tulitoka nje kutazama, sisi watatu, na juu ya paa kulikuwa na uzi mwembamba wa kijivu unaokwenda zake upande wa Lac Vert, kule Mugunga. Mke wa shemeji aliutazama muda mrefu.

"Hii," akamwambia mumewe, "hata mimi ninaitaka."

"Kesho mashini inaenda."

"Basi atengeneze yangu mbele haijaenda," akasema, kwa sauti ile ile ndogo, na akaingia jikoni kutazama moto.

Jumamosi nilibandika maharage mapema. Vipande vya kuni vilivyojaa beseni moja viliyapeleka mpaka kuiva, na nilikuwa nimekaa karibu na jiko kwa nguo ya kanisani bila jicho kuniwasha. Wateja walirudi. Walisimama mlangoni wakitazama lile pipa lenye viraka, wakauliza nani amelitengeneza, na nilipojibu waliuliza tena.

Shemeji alikuja kabla ya mnunuzi. Nilimpa sahani ya maharage na kipande cha bugali. Alikula chote, akanawa, akakaa.

"Shemeji, nimewaza," akasema. "Mashini nikiiuza, pesa itakula mwezi, itaisha. Batu ya Mugunga bote banalia juu ya makala. Mimi ninaweza kupata mapipa, ninaweza kuyabeba na chukudu. Bomba na paa ni kazi yangu. Wewe unasoudé. Tunagawana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita siku ile. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu alfajiri, na sasa hayakuwa na kazi. Lakini sikutaka furaha initoe kwenye jambo lililokuwa muhimu.

"Tunagawana," nikasema. "Lakini mashini inalala kwangu, ndani ya chumba changu. Na hakuna mutu wa familia anayekuja kuizungumzia tena, si wewe, si bajomba. Useme mbele yao."

Alifikiri. Niliona haikuwa rahisi kwake; kaka yake alikuwa mmoja tu.

"Nitasema mbele yao," akajibu.

Mnunuzi alipofika, shemeji alimweleza kwamba mashini haiuzwi tena, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Yule bwana hakufurahi, na sikumlaumu. Hata hivyo alipita jikoni, akagusa viraka vyangu kimoja kimoja kwa ukucha, akakubali sahani ya maharage. Alipoaga aliniambia nisogeze bageti karibu na chuma ninapochomelea, naishika mbali mno, na akaenda zake.

Shemeji alitimiza neno lake. Wajomba walikuja, walikaa sebuleni kwangu, mmoja akanung'unika kwamba mali ya ukoo haifungwi chumbani kwa mjane, na shemeji akasema mbele yao wote kwamba mashini ni ya huyu mama na atakayeitaka aanze na yeye. Yule mjomba alitafuta kofia yake.

Kazi haikuwa laini. Jiko la pili, la mke wa shemeji, lilikuwa zuri kuliko la kwanza, lakini la tatu mlango wake ulianguka, na mwenyewe akalirudisha akilivuta kwa kamba barabara nzima. Nililitengeneza upya bila kumdai kitu. Mimi na shemeji tuligombana zaidi ya mara moja: aliniletea mapipa yenye harufu ya petroli akidai yameshaoshwa, nikayakataa, akapiga kelele, nikayakataa tena mpaka akayarudisha. Umeme ukikatika wiki nzima tunakaa tu. Nywele zangu za mbele zimeungua zikaota, zikaungua tena. Watoto wangu wanasema nanuka chuma.

Juzi tulipeleka jiko moja kwa mama mzee anayekaa njia ya Sake, ambaye anapikia wajukuu wengi. Shemeji alilifunga juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akashika usukani, mimi nikalisukuma kwa nyuma kwenye mlima, na kwenye mteremko nikavuta kamba ili lisimkimbie. Tulifika tumelowa jasho. Yule mama alitaka kujua kwanza kama litalipuka. Nilimwambia hapana, nikamwonyesha ndani, mawe na udongo, nikamwonyesha mlango unavyofungwa. Shemeji alikuwa tayari juu ya paa, akiomba waya. Nilimrushia, nikapiga magoti kuweka kuni.